Waya, Uzi au Pini: Nini Kishike Shanga Zako Kwenye Mti wa Krismasi?

Mtu akitaka kutengeneza mapambo ya shanga kwa ajili ya mti wa Krismasi, huanza kwa kutazama picha. Anaona nyota yenye mikono sita, anaona tufe la kioo lililovishwa wavu wa shanga, anaona mpira unaometameta kama magamba ya samaki, kisha anachukua lililompendeza zaidi. Nami nilichagua hivyo hivyo. Nikachukua tufe la kioo na shanga ndogo kama punje za mtama, na baada ya jioni mbili nilikuwa na wavu ulioegemea upande mmoja, usiokubali kukaa sawa hata niuvute vipi. Tufe lile lilikuwa zuri kweli kwenye picha. Kilichonikwaza ni kwamba sikujiuliza shanga zile zinashikwa na nini, na kama mikono yangu ilikuwa imeshaijua kazi ya kitu hicho.

Pambo la shanga husimama kwa waya, kwa uzi au kwa pini. Ukishajua mojawapo unayotaka kushughulika nayo, umekwisha kuchagua vifaa, muda utakaotumia, namna pambo litakavyoonekana ukiwa mbali na namna litakavyoharibika. Basi nitazilinganisha njia hizo tatu, na mwishoni nitaongeza neno juu ya njia ya nne inayowafaa watoto.

Kwanza, kuzisoma shanga

Hapa ndipo wengi huchukua shanga zisizowafaa. Shanga ndogo za kioo hupangwa kwa namba zinazoandikwa 15/0, 11/0, 8/0 na 6/0, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo. Ushanga wa 11/0 una upana wa kama milimita 2, wa 8/0 kama milimita 3, na wa 6/0 kama milimita 4. Gramu moja ya 11/0 ina karibu shanga 110, ilhali gramu moja ya 8/0 ina kama 40 tu. Kazi ya waya inataka 8/0 na 6/0, kwa sababu matundu yake yanapitisha waya wa milimita 0.8 bila ubishi; shanga za 11/0 kwenye waya huo hupita kwa taabu au hazipiti kabisa. Kazi ya uzi inataka 11/0. Zile za 15/0 ziache kwanza.

Rangi nayo ina mambo yake. Kuna shanga ambazo rangi imo ndani ya kioo chenyewe, hizo hazina wasiwasi. Kuna zilizopakwa rangi juu, na kuna zenye utando wa fedha ndani ya tundu, ambazo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa kwa ukali unaopendeza sana usiku. Ukitaka kujua kama rangi itashika, tumbukiza shanga tatu nne kwenye kiondoa rangi ya kucha, uziache usiku kucha. Zikiamka zimepauka, umeshajua. Mimi siogopi sana jua, kwa kuwa pambo la Krismasi hukaa sandukuni miezi kumi na moja. Ninachoogopa ni unyevu, maana utando wa fedha ukikaa kwenye unyevu huwa mweusi na ushanga hufa mng'ao.

Nyota ya waya

Hii ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeanza, na bado naitengeneza kila mwaka ingawa nimeshajifunza zilizo ngumu zaidi.

Umbo lake ni nyaya tatu zilizokatana katikati, zikatoa mikono sita. Unaweza kupata fremu iliyokwisha kuunganishwa kiwandani, nayo ni ya chuma kigumu, au ukajitengenezea kwa nyaya tatu za sentimita 13 kila mmoja. Ukijitengenezea, zilaze zikatane kama miali ya jua, kisha chukua waya mwembamba wa milimita 0.3 uupitishe juu ya mkono mmoja na chini ya unaofuata, ukizunguka mara mbili tatu, kama mtu anavyoanza kitako cha kikapu. Kitovu kitateleza mara ya kwanza. Usikikaze kwa nguvu za koleo. Ingiza ushanga wa milimita 4 kwenye kila mkono, uusukume mpaka ndani, na zile shanga sita zitabanana zenyewe na kukishika kitovu kisiyumbe.

Watu wengi humaliza mkono mmoja wa nyota ndipo wahamie wa pili. Usifanye hivyo. Zungusha: ushanga mmoja kwenye mikono yote sita, kisha wa pili kwenye yote sita, na kuendelea. Ukikosea mpangilio utauona mapema, kabla hujatunga shanga kumi na tatu ambazo itabidi uzitoe. Ili zisimwagike unapogeuza nyota, bana ncha za mikono kwa vibanio vya nguo. Na usilinganishe mikono kwa kuhesabu shanga. Shanga za namba ile ile hutofautiana unene, hivyo mikono miwili yenye shanga 13 kila mmoja inaweza kupishana milimita 2 nzima, na jicho la mtu hulikamata jambo hilo upesi kuliko unavyodhani. Linganisha kwa urefu, kwa rula.

Sasa tufike kwenye ncha, maana hapo ndipo nyota hupona au kuharibika. Shanga zikikaribia mwisho, bakiza milimita 8 za waya. Ukunje waya kuelekea nyuma, uwe kama pembe ya daftari, huku ukiacha kati ya mkunjo na ushanga wa mwisho nafasi nyembamba inayopitisha karatasi. Shika ncha kwa koleo lenye midomo ya mviringo, kisha uzungushe kuja mbele taratibu mpaka ncha iuguse ule mkunjo na kitanzi kifunge. Ile nafasi ya karatasi usiidharau. Waya unapokunjwa husogea nyuma kidogo, na ukikuta kioo kimeugusa tayari, utasikia mlio mdogo, tik, na ushanga wa mwisho utakuwa na ufa. Ufa huo hauonekani siku hiyo. Utaonekana mwezi wa kumi na mbili ujao, utakapofungua sanduku ukute nusu ya ushanga haipo na shanga zote za mkono huo zinacheza.

Kuhusu vifaa: koleo moja la midomo ya mviringo na mkasi mmoja wa waya vinatosha. Fremu ya chuma kigumu usiikate kwa mkasi mwembamba wa kutengenezea vito, utaumega makali. Na unapokata ncha yoyote, ifunike kwa kidole au uvae miwani, maana kipande cha waya huruka kama risasi.

Kazi hii ina heshima kubwa zaidi ya inavyodhaniwa. Kaskazini ya Ucheki, katika kijiji cha Poniklá kwenye milima ya Krkonoše, mafundi hupuliza mirija ya kioo kwenye kalibu ikawa shanga tupu ndani, huzipaka fedha na rangi, huzikata, kisha huzitunga kwenye nyaya ziwe nyota na maumbo mengine ya mti wa Krismasi. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ukikaa mezani na nyaya zako tatu, unafanya jambo lile lile wanalofanya wao katika hatua ya mwisho.

Nyota ya kwanza itakuchukua dakika kama 40. Ya tano, dakika 15 au 20. Jioni moja inatoa nyota nne au tano bila kukimbizana.

Wavu wa uzi juu ya tufe la kioo

Hapa tunaingia kwenye kazi nyingine kabisa. Koleo halihitajiki. Unahitaji sindano nyembamba ya shanga, namba 10 au 12 (na hapa pia namba kubwa ndiyo nyembamba), uzi, kipande cha nta na mwanga wa kutosha. Mwanga nauweka sawa na vifaa vingine kwa makusudi: ukifuma shanga za 11/0 chini ya taa hafifu, macho yatakataa kabla mikono haijachoka.

Uzi una maana kuliko shanga. Uzi wa nailoni wa shanga ni laini na hupatikana kwa rangi nyingi, ila hunyumbuka, kwa hiyo uvute kwanza kwa mikono miwili kabla ya kuanza, ama sivyo utanyumbuka baadaye ukiwa juu ya tufe na wavu utalegea. Uzi uliosukwa, ule wenye asili ya uvuvi, haunyumbuki na hukatika kwa shida, ndio ninaoutumia siku hizi. Mshipi wa plastiki wa unyuzi mmoja sikushauri hata kidogo. Hujikunja kwa kumbukumbu ya gurudumu ulikotoka, mafundo yake hufunguka, na ukizeeka huwa mkavu na kukatika. Kata uzi wa mita moja na nusu, usizidishe mbili, kisha uupitishe kwenye nta mara moja.

Tuchukue tufe la sentimita 6. Mzunguko wake katikati ni karibu sentimita 19. Pima shingo yake, pale kofia ya chuma inapokaa, kisha tunga duara la shanga litakaloizunguka bila kubana. Tuseme shanga 36. Gawa kwa 3, unapata vitanzi 12. Toa uzi kwenye ushanga mmoja, chukua shanga 7, ruka shanga 2 za duara na uingie ya tatu. Rudia mpaka mwisho. Mzunguko unaofuata unaanzia kwenye ushanga wa katikati wa kila kitanzi, yaani wa nne kati ya saba, na sasa vitanzi vinakuwa vya shanga 9. Kisha 11. Kisha 13 unapokaribia kiuno cha tufe, mahali penye upana kuliko pote.

Kati ya mzunguko mmoja na mwingine kuna hatua ndogo iliyoniponza mwaka ule wa kwanza. Ukishafunga kitanzi cha kumi na mbili, sindano yako imerudi penye duara la zamani. Lazima uipandishe, ukipitia shanga tatu nne za kitanzi cha kwanza, mpaka itokee kwenye ushanga wake wa katikati. Usipopanda, kila mzunguko utaanza pasipo pake na wavu utazunguka kama ngazi ya mnara, ukijinyonga polepole kuelekea upande mmoja. Hakuna kuvuta kutakakounyoosha. Siku hizi ushanga wa kwanza wa kila mzunguko nauweka wa rangi tofauti, unanikumbusha.

Vika wavu kwenye tufe baada ya kila mzunguko. Madirisha, yaani nafasi tupu za wavu, yakiwa mapana na mafupi, shanga hazitoshi, ongeza mbili kwa kila kitanzi. Yakining'inia kama shati kubwa mwilini, punguza. Wavu mzuri hukaa juu ya kioo kama ngozi na bado unaweza kuuzungusha kwa kidole kimoja.

Chini ya kiuno ndipo watu huning'iniza vishaufu, yaani nyuzi za shanga zinazolegea chini. Ukitumia shanga za mirija humo, kumbuka kwamba kingo zake ni kali na hukata uzi. Weka ushanga wa 11/0 juu na chini ya kila mrija ili uzi upinde juu ya kitu cha mviringo. Kwenye waya tahadhari hii haina maana, mirija unaweza kuitumia utakavyo, nayo ni sababu nyingine ya anayependa mirija kubaki kwenye nyota.

Kwa tufe moja la ukubwa huo, shanga za 11/0 za gramu 10 zinatosha, na 15 ukitaka vishaufu virefu. Muda ni jioni tatu kwa mtu aliyezoea kushika sindano. Asiyezoea aongeze mbili, na asione haya.

Pini juu ya tufe jepesi

Njia ya tatu haina kutunga. Unachukua tufe la stairofomu, lile povu gumu na jepesi la plastiki, pini fupi za kama milimita 13, shanga ndogo, na vile vibati vya mviringo vinavyong'aa vya kwenye magauni ya sherehe. Ushanga unaingia kwanza kwenye pini, kibati kinafuata, kisha pini inazamishwa kwenye tufe. Safu kwa safu, kila kibati kikilalia kidogo cha jirani yake.

Tufe la sentimita 7 lina eneo la karibu sentimita za mraba 154. Kwa vibati vya milimita 8, hiyo ni pini zaidi ya 300, na zikilaliana vizuri zinapita 400. Kazi yenyewe ni rahisi, mtu yeyote anaiweza dakika ya kwanza, ila kidole gumba kitaumia. Vaa kastabini, au sukumia kwa kitako cha kijiko. Anza kwenye kiuno, uzungushe mstari mmoja ulionyooka, ndipo upande na kushuka. Ukianzia juu, mistari itapinda kabla hujafika nusu.

Ukitaka kuzidisha uimara, chovya ncha ya pini kwenye gundi nyeupe ya maji. Usitumie gundi yenye harufu kali ya kuyeyushia, kwa kuwa stairofomu huyeyuka ikiguswa na vimiminika vya aina hiyo, na utaona shimo likichimbika chini ya pini zako.

Kuziweka sambamba

Twende sasa kwenye yale ambayo picha haziyaonyeshi.

Ukiwa mbali. Wavu wa uzi ni wa kutazamwa karibu. Ukisimama hatua nne kutoka mtini, mchoro wa shanga za 11/0 hauonekani tena, unaona rangi moja tulivu na vishaufu vinavyotikisika. Tufe la pini hung'aa kutoka upande wa pili wa chumba, linaubeba mti mzima. Nyota iko kati: umbo lake husomeka ukiwa mbali na shanga zake husomeka ukiwa karibu. Ila nyota ina kasoro ambayo nimeihangaikia miaka: ni bapa. Ikining'inizwa kwa uzi mmoja huzunguka na kukuonyesha ubavu, na nyota ikikaa ubavu ni kama haipo. Dawa yake ni kuifunga kwenye tawi kwa waya mfupi, mkono mmoja ukiegemea tawi, badala ya kuiacha ielee.

Mwanga. Shanga zinazopitisha mwanga zinapendeza taa ikiwa nyuma yake, kwa hiyo nyota za shanga hizo zisogeze ndani ya mti, karibu na taa ndogo. Zenye utando wa fedha zinapenda taa ya mbele. Wavu wa shanga za rangi iliyokolea juu ya tufe la kioo kisicho na rangi huachia mwanga upite kati ya madirisha, na kivuli cha wavu huangukia upande wa ndani wa kioo. Hilo halijashindwa na pambo lolote nililotengeneza.

Uzito. Tufe la stairofomu ni jepesi, lakini zile pini 300 na zaidi ni za chuma, hivyo ukilishika utashangaa. Nyota kubwa ya shanga za 6/0 na mikono mirefu nayo ni nzito. Kwenye mti wa kukatwa shambani, ncha za matawi hulala chini yake. Itundike ndani zaidi, tawi linapokuwa nene. Miti ya plastiki ina waya ndani ya matawi, haipati shida hiyo.

Kuharibika na kutengenezeka. Hapa nyota inashinda bila mjadala. Mkono mmoja ukifunguka unaokota shanga, unatunga upya, unafunga kitanzi, dakika kumi zimetosha. Tufe la pini nalo halina tabu, pini ikitoka unairudisha, ingawa shimo lile lile halishiki tena vizuri na unahitaji gundi. Wavu ndio wenye masharti. Uzi ukikatika mahali ambapo mfumaji aliweka mafundo njiani, unapoteza kitanzi kimoja au viwili. Ukikatika kwenye wavu uliofumwa kwa uzi mmoja mrefu usio na fundo, unaweza kuusikia wote ukimwagika sakafuni. Weka fundo dogo kila unapomaliza mzunguko, kisha pitisha sindano kwenye shanga kadhaa ili fundo lifichike tunduni. Na kuna lile lisilotengenezeka: tufe lenyewe likivunjika. Wavu mara nyingi hupona, nao unaweza kuuvika tufe jingine kama vipimo ni vile vile, kwa hiyo andika kipimo cha tufe mahali.

Usalama. Pini na watoto wadogo havikai chumba kimoja. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hupeleka mdomoni kila anachokiona, na pini iliyochomoka ikaanguka kwenye zulia haitafutwi kwa macho, hutafutwa kwa mguu. Nyumba yenye mtoto wa umri huo ibaki na nyota zilizotundikwa juu. Mwenye paka naye afikirie mara mbili kuhusu vishaufu vinavyoning'inia.

Na watoto wakitaka kushiriki

Wape shanga kubwa za plastiki zenye matundu mapana, zile za urefu wa milimita 6, pamoja na waya wenye manyoya. Manyoya huushika ushanga usiteleze, hivyo mtoto akiacha kazi katikati akaenda kucheza, atakuta shanga pale pale. Waya wa manyoya wa sentimita 30 ukate kati, upate vipande viwili vya 15. Kila kipande kitachukua shanga 22, nyekundu 11 na nyeupe 11 zikipishana, ibaki kama sentimita 2 ya kukunja ncha zote mbili ili zisichome. Ukikipinda juu unapata fimbo ya mchungaji, na fimbo hiyo hutundikwa yenyewe kwenye tawi bila uzi. Ni kazi ya dakika kumi. Mapambo haya hayavunjiki, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuyatundika mwenyewe, jambo ambalo kwake ni kubwa kuliko kuyatengeneza.

Basi uchague lipi?

Kama mti wako ni mtupu na unahitaji mapambo 20, tengeneza nyota. Jioni nne au tano zitakutosha, na kwa kuwa kila nyota inaweza kubeba mpangilio wake wa rangi, mti hautaonekana kama umenunuliwa kwenye boksi. Shanga za nyota moja hazizidi 80 au 90, ni rahisi kuhesabu na kuagiza.

Kama unataka kumpa mtu mmoja kitu kimoja atakachokitunza, fuma wavu. Ila usifume wavu wako wa kwanza ukiwa na tarehe ya kumkabidhi mtu. Fuma wa kwanza kwa shanga za 8/0 badala ya 11/0, juu ya tufe la plastiki lisilovunjika. Punguza hesabu za shanga kwa kila kitanzi, kwa kuwa kila ushanga ni mnene zaidi. Makosa yanaonekana wazi, vidole vinajifunza kupanda kati ya mizunguko, na tufe likianguka hakuna kilichopotea.

Kama macho yanasumbua lakini mikono ina nguvu, pini zitakufaa kuliko uzi. Kama vidole vinauma kwenye viungo, pini ziache, zitakuumiza zaidi, na hata koleo la nyota litataka mtu wa kukusaidia kufunga vitanzi vya mwisho. Hapo njia ya watoto si ya watoto tena. Nimeona waya wa manyoya na shanga kubwa za kioo, badala ya plastiki, zikitoa pambo ambalo hakuna aliyeuliza lilitengenezwa na nani mwenye umri gani.

Pakiti zenye kila kitu ndani zinafaa kwa nyota na kwa pini. Kwa wavu sizipendi, maana shanga huja zimehesabiwa karibu sawasawa, na wavu wa mtu anayejifunza hula shanga za ziada: zenye tundu lililoziba, zilizovunjika, zilizoviringika chini ya kabati. Kwa sababu hiyo hiyo, fanya kazi yoyote ya shanga juu ya kipande cha blanketi kilichotandazwa ndani ya sinia. Ushanga ukianguka kwenye blanketi unakaa, na sindano huchota kutoka hapo kwa wepesi kuliko kutoka kwenye kibakuli.

Anza mapema. Mwezi wa kumi si mapema mno kwa wavu. Nyota unaweza kuziacha mpaka wiki ya kwanza ya Desemba.

Sikukuu ikipita, nyota zifunge kwenye karatasi laini moja moja, mikono yake ikipandana hukwaruzana. Matufe yakae kwenye trei za mayai, yakitenganishwa kwa karatasi, na usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki unaotunza unyevu. Pamoja na kila pambo weka kifuko kidogo chenye shanga 20 za kila rangi uliyotumia, na kikaratasi chenye namba ya shanga, aina ya uzi au unene wa waya. Rangi za shanga hubadilika kutoka fungu moja la kiwandani hadi jingine, na miaka sita baadaye, mkono wa nyota utakapofunguka, nyekundu ile ile utaipata ndani ya kifuko hicho tu.